Bibi Asiyepakatishwa Watoto

Kicheko chake nilikijua kabla sijamjua yeye. Kila mtoto wa Mkuza, mtaa wetu hapa Kibaha, anakijua. Kinaanza chini kabisa, kama mtu anayekohoa ndani ya pipa, kinapanda, kinakatika, na ukidhani kimekwisha ndipo kinamalizia kwa sauti nyembamba inayokufanya uinue miguu kutoka sakafuni. Kwetu filamu zake tuliziangalia mchana, milango wazi, na bado kaka yangu alikaa juu ya kochi amejikunja kama kuku wa mvua. Siku tuliyoambiwa kwamba mwenye kicheko hicho amehamia jirani, nyumba yenye ua wa michongoma, niliacha kupita njia ile. Nikawa nazunguka nyuma, kwenye mabanda ya kuku ya watu.

Akiwa anasikia, mtaani wanamwita Bibi wa Sinema. Akishapita wanamwita Bibi Ungo, maana kwenye filamu ungo ndiyo ndege yake. Jina lake la kubatizwa nalijua ila sitaliandika. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikuwahi kumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Darasani mwalimu akinisimamisha, jibu ninalo kichwani lakini mdomo unajifunga, watu wanacheka, nakaa. Ndiyo maana naandika.

Nilianza kwenda kwake kwa sababu ya macho yake. La kushoto limeingia ukungu mweupe, la kulia linaona mbali tu. Siku hizi skripti zinatumwa kwenye simu, na herufi za simu kwake ni kama sisimizi. Akamwomba mama: "Nipe huyu wako asiyeongea, anisomee." Mama akanipa. Siku ya kwanza nilisoma kwa sauti ya mbu. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mjukuu wangu, hapa ni mimi na wewe na kuku. Kuku hawacheki." Nikasoma tena. Yeye alikuwa mchawi, mimi nikawa wengine wote: baba mwenye nyumba, mchungaji, polisi, mke mdogo. Kusema kweli, sijawahi kupiga kelele kama nilivyopiga kwenye ua ule.

Alivyoingia kwenye filamu ni kichekesho. Alikwenda kupika. Walihitaji mama wa kuwapikia wali watu wa kamera, na yule mwigizaji aliyetakiwa kuwa mchawi hakutokea. Dairekta akageuka huku na huku, akamwona amechuchumaa kwenye sufuria, moshi umemzunguka, jicho lile limemtoka. Akasema, "Mama, usisogee hapo hapo." Walimpiga picha akikoroga. Wali ukaungua.

"Wenzangu wanapakwa mavumbi usoni saa nzima," aliniambia. "Mimi wakaniambia, mama, wewe njoo hivyo hivyo ulivyo."

Tangu hapo hakutoka tena kwenye filamu. Alikuwa mchawi, mzimu, maiti inayofumbua jicho, bibi aliyezikwa hai, mama mwenye nyumba anayefuga majini chumbani. Akasema, "Uso wangu ndio shamba langu. Limeota mbigili, navuna mbigili." Msemo wake mwingine ulikuwa, "Kufa kwa sinema kuzuri, ukimaliza unaletewa chai." Alijivunia jambo moja tu: hajawahi kumchelewesha mtu. Hata akiwa na homa, dairekta akisema "akisheni" alikuwa tayari amekaa mahali pake. "Uzuri sina," alisema, "lakini kungojwa, mimi sijawahi kungojwa."

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba bundi akilia anahamia chumba cha uani. Analala taa inawaka. Mjusi kafiri akipita ukutani anapanda kitandani na viatu. Kwaya ya kina mama kanisani anaimba sauti ya pili, anakaa nyuma kabisa, kwa sababu watoto wa shule ya Jumapili wakigeuka wakamwona wanaanza kulia na ibada inaharibika. Kucha zake anazipaka rangi ya waridi. Kwenye kazi anavaa glavu nyeusi kuzificha, hataki kuifuta ile rangi. Kaniki ya uchawi anaifua peke yake, kwenye ndoo yake, na kabla ya kuivaa anasali. Filamu zake mwenyewe hazitazami. Niliwahi kumwekea moja kwenye simu, akafunika kioo kwa kiganja. "Zima. Yule mwanamke ananitisha."

Stendi ya Maili Moja ilikuwa ndiyo jukwaa lake la pili, apende asipende. Vijana wa bodaboda wakimwona tu wanaanza.

"Shikamoo Bibi! Leo ungo umeishiwa mafuta?"

"Marahaba. Umepata pancha. Nitafutie fundi."

"Bibi, toa kimoja basi! Kimoja tu!"

Naye, na kikapu cha nyanya mkononi, anawapa kicheko. Stendi nzima inashangilia. Wauza soksi wanapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa pembeni yake, na nilichokuwa nakiona ni kina mama waliobeba watoto mgongoni. Walikuwa wanacheka kama wengine, huku wanauvuta ule ubeleko, wanamfunika mtoto uso.

Hilo ndilo ninalotaka kuliandika, mengine yote nilikuwa nalizunguka tu. Miaka yote niliyomjua sijaona mama yeyote akimpakatisha mtoto wake. Wangemkaribisha chai, wangempa mwaliko wa harusi, wangepiga naye picha. Mtoto, hapana. Mama yangu mwenyewe, ambaye anampenda, alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, Bibi alikuja na sabuni na doti ya kanga. Akanyoosha mikono. Mama akasema, "Amelala, Bibi, ukimshika ataamka." Mtoto alikuwa macho wazi, anamtazama Bibi, anachezesha miguu. Bibi akarudisha mikono yake mapajani, akasema, "Kweli. Usimwamshe."

Mara moja nusura atoke kwenye uchawi. Walimwita kwenye tamthilia awe mama wa bibi harusi. Nilimsomea sehemu ya kwanza, akalia. Kulikuwa na maneno: "Mwanangu, huko uendako, ukichoka, kwetu pana mlango." Alikuwa anayasema akifagia, akichambua mchele, akiwa chooni. Alinunua kitenge. Basi zikaja sehemu zilizofuata, nikawa nasoma mbele huku sauti inapungua. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, Bibi, hapa bibi harusi anaugua, mganga anatazama, anasema aliyemroga ni mama yake.

Kisha akasema, "Soma. Ungo upo?"

"Upo, Bibi."

"Nilijua tu."

Akaenda, akaigiza vizuri kuliko wote, akarudi, kitenge akampa dada anayeuza mboga.

Anaye binti mmoja, ameolewa Kisarawe, upande wa vilimani. Na Kisarawe ndiko watu wa filamu wanakopenda kupigia picha za mizimu, kwa sababu ya misitu. Zamani kidogo walikuwa huko, kamera imefichwa kwenye vichaka, yeye amevaa kaniki na majivu usoni. Wakati wa kupumzika njaa ikamshika. Akatoka msituni vile vile alivyo, akafuata harufu ya vitumbua hadi barabarani. Muuzaji akapiga yowe, akaacha karai likichemka. Bibi, kama ninavyomjua, akasimama kulinda karai la watu lisiungue, akawa anageuza vitumbua. Watu waliokuja na marungu wakamkuta anageuza. Ilibidi dairekta aje anakimbia na kamera mkononi kama kitambulisho.

Hadithi hii aliisimulia kila msiba na kila sherehe, na kila mara tulicheka hadi mbavu zikauma. Tulikuwa hatujui kwamba huko Kisarawe nao wanaisimulia. Ila ya kwao haina kamera. Ya kwao ina mwanamke wa majivu aliyetoka msituni, akapikia watu vitumbua.

Binti akapata mimba yake ya kwanza. Sijawahi kuona mtu anayejiandaa vile. Mama anayepata mjukuu wa kwanza kwa binti yake ndiye anayemlea mzazi: anamkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo kwa mkaja, anamnywesha uji wa pilipili manga, anamwogesha mtoto mpaka arobaini itimie. Hiyo ni kazi yake na haki yake, hata awe nani. Bibi alinunua beseni jipya. Alikata mkaja kwenye kaniki mpya kabisa, si ile ya kazi, akaupiga pasi. Kucha akazikata fupi, rangi ya waridi ikaondoka yote. "Nisije nikamparua," alisema. Akajizoeza kupakata kwa mto wa kitanda. Alinionyesha, "Shingo inakaa hapa, kwenye kiwiko." Nikamwambia, "Bibi, kwani umesahau?" Akasema, "Binti yangu ana umri gani? Tangu yeye sijapewa mwingine."

Mtoto alizaliwa wakati wa likizo. Wa kiume. Nikasindikizana naye, yeye na kikapu, mimi na beseni.

Tulimkuta mama wa mume amekaa mlangoni, anachambua mchicha. Hakuinuka. Wakasalimiana vizuri tu, wakaulizana hali za nyumbani. Bibi akaanza kuvua viatu ili aingie.

"Dada," yule mama akasema, "kaa kwanza hapa nje, upate upepo."

"Nimepata njiani. Ngoja nimwone mzazi."

"Si kwamba sisi tunaamini." Alikuwa haangalii juu, anakata mashina. "Sisi tunasali. Lakini watu wanasema, dada, na mtoto bado mchanga. Arobaini ikitimia, karibu hata mwezi mzima."

"Arobaini ikitimia nitalea nini? Mimi ndiye mama yake."

"Tunajua. Na tunakuheshimu."

Nikasikia kutoka ndani, "Mama? Mama, ni wewe?" Na sauti nyingine ya mwanamke ikimwambia alale.

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Bibi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Baada ya muda akasema kwa unyenyekevu ambao sitausahau, "Basi huyu mtoto aingie. Huyu hajaigiza chochote. Amshike, aje aniambie yukoje."

Yule mama akanitazama, sketi yangu ya shule, ndala zangu. Akasema, "Aingie."

Nikaingia. Nilimshika. Alikuwa wa moto, ana nywele nyingi mpaka kwenye paji, na alikuwa mzito, mzito kuliko mdogo wangu alivyokuwa. Nikasimama naye karibu na dirisha la nyavu, na Bibi amekuja nje ya dirisha lile lile, haoni kitu, jicho lake haliwezi kupenya nyavu.

"Sema," akasema. "Sema kwa nguvu, kama tunavyofanya uani."

Nikasema. Mbele ya wanawake wote wale nikasema nywele, masikio, vidole, kidoti cha mgongoni. "Mzito?" akauliza. "Mzito, Bibi." Akacheka, kicheko cha kawaida, kile kidogo ambacho hakuna filamu iliyo nacho. Kisha akamfundisha binti yake kufunga mkaja, yeye nje, binti ndani, ukuta katikati: "Anzia chini. Usikaze juu, utashindwa kupumua. Zungusha. Zungusha tena. Umefika nyongani? Hapo kaza." Binti alikuwa anafunga huku analia. Mkono wa Bibi ulikuwa umebandikwa kwenye nyavu, alama za waya zikabaki zimechorwa kwenye ngozi yake mpaka tunarudi Kibaha.

Mtoto hakufika arobaini. Homa, kushindwa kunyonya, zahanati, kisha simu. Bibi aliipokea akiwa anatandaza nguo kambani. Alimaliza kutandaza. Kisha akaniambia, "Afadhali sikumshika. Kama ningemshika, leo wangekuwa na la kusema."

Nikaamini hivyo. Nilikwenda naye msibani, mama aliniruhusu, mwenyewe hakuja kwa kuwa alikuwa na zamu dukani, kule mtaa wa Kwa Mathias.

Tulikuta wameshazika. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, na tulipokaribia, mkeka wa mwisho ukawa mtupu, wote wamesogea. Tukakaa wawili. Binti yake alikuwa mbali, ameegemea ukuta, kanga hadi machoni. Ndipo mwanamke mmoja, sijui ni shangazi wa nani, akaninyooshea kidole.

"Si ndiyo huyu? Huyu ndiye aliyetumwa kushika. Mwenyewe alikataliwa, akatuma mikono."

Mwingine akasema, "Mwambieni aonyeshe viganja." Wakainuka wawili watatu. Mmoja alinishika mkono. Nilifungua mdomo, na ni kama darasani, hakikutoka kitu.

Bibi akasimama. Aliisimamisha shingo ile namna ninayoijua, akageuza jicho la ukungu kwao, na akasema kwa sauti ya pipa, ile ya sinema, polepole:

"Mwachieni mtoto wa watu. Mnanijua mimi ni nani."

Mkono ukaniachia. Wakarudi nyuma, mmoja akajikwaa kwenye sufuria. Na mimi nikamwona binti yake pale ukutani ameishusha kanga, anamtazama mama yake. Anamtazama kama kila mtu alivyokuwa anamtazama.

Tukaondoka. Njia nzima alisema neno moja tu, tukishuka Kibaha: "Koo limeniuma."

Tangu siku ile binti hapokei simu yake. Nimempigia kwa simu ya mama, nikamwambia yote, nani alisema nini. Alinisikiliza, akasema, "Mdogo wangu, najua. Lakini naishi na hawa," akakata. Bibi sijamwambia. Kucha zake hazijapakwa tena rangi. Kwaya ameacha. Maili Moja akiombwa kicheko anasema sauti imekwenda.

Mara ya mwisho kumwona akifanya kazi ni mwezi uliopita, hapa hapa Mkuza, kwenye banda la matofali la jirani. Nilikuwa nimekwenda kumkumbusha maneno yake. Sini ilikuwa fupi: mchawi ameiba kichanga, anakipakata, anacheka. Basi. Kijana wa vifaa akamletea mdoli wa plastiki umefungwa kwenye kanga.

Bibi akaupokea. Akaupima mkononi, akautazama, akaufungua.

"Huu hauna kitu ndani," akasema.

"Kamera haioni, Bibi," yule kijana akasema. "Ni kanga tu inaonekana."

Bibi akageuka. Akaniita. Akaweka mdoli kando, akachukua mfuko wa mchele wa watu wa jikoni, akaanza kuumimina kwenye kanga, akafunga, akanipa.

"Wewe ulimshika. Alikuwa hivi?"

Nikaupakata, shingo kwenye kiwiko. Nikafumba macho ili nikumbuke. "Zaidi, Bibi."

Akaongeza. "Hivi?"

"Zaidi."

Dairekta akaita kutoka kwenye kamera, "Bibi, tupo tayari! Jua linakwenda!"

Akaongeza kidogo kidogo, kwa kiganja, punje zinamwangukia mapajani. Akafunga tena, akanipa. Nikaubeba. Mikono yangu ilijua kabla yangu.

"Hapo," nikasema.

"Hapo kabisa?"

"Hapo kabisa, Bibi."

Akaupokea. Akaulaza kwenye kiwiko, akaufunika vizuri upande wa kichwa, akakaa kwenye tofali huku ameinama.

"Bibi!" dairekta akaita. "Akisheni!"

"Subirini," akasema, bila kuinua uso.

Aliyeshika kamera akaishusha. Wote tukasimama palepale, tukamngoja.